Fundi Hujishonea Mwisho

Kitenge kipya kina harufu ambayo siwezi kuieleza vizuri, na kwa kuwa siwezi, nimeifuta sentensi hii mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Ni harufu ya nta na wanga, na kwa mbali kitu kama mafuta ya taa. Wiki iliyopita nilikwenda kununua yadi mbili kwa ajili ya mtoto wa rafiki yangu. Muuzaji alipokikunjua kitambaa juu ya meza, moyo ukaanza kunienda mbio kabla sijajua sababu. Nilisimama pale na mkoba begani, mtu mzima mwenye kazi na ufunguo wa nyumba yake, nikajisikia nina miaka tisa na kwamba kuna jambo kubwa linakaribia kutokea.

Naliandika jambo hilo kwa Kiswahili nilichojifundisha mwenyewe. Shuleni nilisoma Kiswidi, na nyumbani nilisemeshwa Kiswahili nikajibu Kiswidi, kama wengi wenu mliokulia hapa Stockholm. Nilipokuwa mkubwa nikaona aibu, nikaanza kujifunza kuandika lugha ya mama zangu kwa kusikiliza na kunakili. Mkiona kosa, jueni kwamba nami nimeliona, labda saa hii hii, na limeninyima raha.

Nasema mama zangu kwa sababu nilikuwa nao wawili, na ninao bado. Mama, aliyenizaa mimi na mdogo wangu Eliya, ni mtu wa Uvira, na wakati huo alikuwa akiendesha basi. Mama Spès ni mtu wa Bujumbura, na alikuwa akihudumia wazee majumbani mwao. Miji hiyo miwili inatazamana ng'ambo ya ziwa. Mama husema kwamba utotoni alikuwa akiziona taa za Bujumbura na kujiuliza nani anaishi kule. Ilibidi wote wawili wavuke nusu ya dunia ndipo wakutane kwenye darasa la Kiswidi, kila mmoja akimnakilia mwenzake majibu yasiyo sahihi.

Nyumba yetu ilikuwa Vårby gård, ghorofa ya nne, vyumba vitatu, na maisha yake yalikuwa ya kawaida kiasi kwamba sikujua yanaweza kuwa jambo la kuzungumzwa. Mama alitaka dirisha la chumba chao liwe wazi hata theluji ikianguka; Mama Spès alitaka lifungwe hata wakati wa joto; wakabishana juu ya dirisha hilo utoto wangu wote. Mama Spès alisuka nywele zangu kwa mkono mwepesi. Mama alizisuka hadi nyusi zangu zikapanda. Ijumaa tulikula taco, zile chapati ngumu za mahindi za kutia nyama, kama majirani wote, ila Mama Spès aliweka sombe, majani ya muhogo, mahali pa nyama, na Eliya, aliyekuwa na miaka mitatu, alikula chapati tupu na kudai kwa Kiswidi kwamba ameshiba.

Halafu kilikuja kitambaa.

Alikileta Tantine Béa, dada mkubwa wa Mama, aliyeishi Norsborg, mwisho wa njia ya treni. Tantine ndiye aliyemlea Mama walipokimbia vita, akamvusha kambi mbili akiwa amemshika mkono, na Mama hadi leo hukaa wima anapoongea naye kwenye simu. Alikuwa mjane. Binti yake Grâce alikuwa anaolewa, na Tantine alikuwa ameagiza sare ya familia kutoka Brussels: kitenge cha bluu nzito chenye miavuli ya njano iliyofunguka. Familia yetu yote ya Stockholm ingevaa miavuli hiyo, wanawake magauni, wanaume mashati, na mshonaji angekuwa Mama Spès. Hapakuwa na swali kuhusu hilo. Watu walimwita Fundi. Alijifunza kushona kambini Tanzania, na mkono wake ulijulikana kutoka Norsborg mpaka Hjulsta.

Ninyi mliozaliwa kwenye nyumba zisizo na cherehani, sijui kama mtanielewa. Nyumba ilijaa miavuli. Ilikuwa kitandani, juu ya sofa, kwenye beseni la kuogea ambamo Mama Spès aliloweka kila kipande kwenye maji baridi ya chumvi kabla ya kukikata, ili rangi ishike. Alikusanya zamu za chumba cha kufulia cha jengo letu kama mtu anayekusanya dhahabu, na mimi nilitumwa chini kuangalia kama jirani fulani ameshindwa kufika kwenye yake. Cherehani lilinguruma, pasi ilifuka, na mimi nilikuwa msaidizi mkuu. Kazi yangu ilikuwa kulinda miavuli ya kifuani. Mama Spès hakukubali mwavuli ukatwe katikati ya kifua cha mtu. Kila gauni lilipaswa kuwa na mwavuli mzima juu ya moyo, umesimama wima. Nililala sakafuni na chaki, jicho moja nimelifumba, nikihakikisha. Sijawahi kufanya kazi niliyoipenda kuliko ile. Dunia ilikuwa na kosa moja tu la kuepuka, na nilikuwa nalijua.

Kwa kawaida yetu, mwanamke hupewa yadi sita, vipande vitatu vya yadi mbili mbili: kimoja cha blauzi, kimoja cha sketi, na cha tatu cha kujifunga kiunoni au kuzungushia kichwani. Tantine alikuwa ameleta yadi sita za Mama, kipande changu na kipande cha Eliya. Nilivipanga juu ya kitanda changu. Kisha nikauliza cha Mama Spès kiko wapi.

Mama Spès alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa, akanitazama kidogo, akasema, “Fundi hujishonea mwisho.”

Nilimwamini kabisa. Tena nilifurahi. Nilijua kwamba mpishi hula mwisho, na dereva wa basi hushuka mwisho, kwa hiyo ilikuwa sawa kwamba fundi avae mwisho. Na gauni la mwisho, nilijiambia, lazima liwe zuri kuliko yote, kwa sababu mkono utakuwa umekwisha zoea. Nikaanza kulingoja. Kila gauni lililokamilika na kutundikwa mlangoni lilinisogeza karibu na lile, na nilikuwa natembea nyumbani kutoka shule nikilichora kichwani: mikono mirefu, kola ya kusimama, miavuli mitatu kifuani.

Hapa lazima niseme jambo jingine nililolielewa vibaya. Kwenye sherehe zetu, Mama alikaa meza ya familia na Mama Spès alikaa jikoni. Alikata vitunguu, akajaza sahani, akaosha sufuria kubwa, akaja kutuchukua mimi na Eliya tulipochoka. Niliamini anapenda majiko. Niliwahi hata kumchorea kadi ya siku ya kuzaliwa yenye picha ya sufuria. Hakuna mtu aliyewahi kumsemea neno baya mbele yangu. Walimheshimu, walimsalimia, walimuuliza habari za kwao. Kila mtu alijua, na kila mtu alikuwa na adabu ya kutojua.

Kulikuwa na mazoezi pia. Familia ya bibi harusi kwetu haiingii ukumbini hivi hivi. Inaingia ikicheza, wawili wawili, mke na mume wake, hatua mbili na kusimama, hatua mbili na kusimama, na ukumbi mzima unatazama. Mama hakuwa na mume, kwa hiyo iliamuliwa kwamba mimi ndiye nitakayeingia naye. Nilikosa usingizi kwa furaha. Mama alikuwa na zamu za jioni, basi Mama Spès ndiye aliyenifundisha, akijifanya Mama, huku na huko kwenye ukumbi wetu mwembamba wa kuingilia, kati ya viatu na makoti. Alicheza vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Mabega yake yalikuwa kama yanasema siri. Nilimwambia atapendeza sana siku hiyo, na yeye akasema nihesabu hatua zangu.

Jumamosi ya kupima, wanawake walijaa sebuleni. Kulikuwa na sambusa, mikate ya mdalasini na chupa mbili za kahawa, na kila mtu alikuwa amevaa nusu. Mama Solange, mke wa binamu yake Mama, aliyekuwa mnene na mcheshi, alikuwa mbele ya kioo akisema kwamba Fundi amemshonea vizuri mpaka mume wake atadhani amekosea nyumba. Mtu akamjibu kwamba mume wake hukosea nyumba hata asipovaa sare. Walicheka wakashikana. Mama alikuwa anapiga pasi. Mama Spès alikuwa amepiga magoti akishika pindo la Tantine Béa, na Tantine alikuwa amesimama wima kama mlingoti, mwavuli wa kifuani umekaa mahali pake hasa. Niliangalia mlango. Magauni yote yalikuwa yamekwisha. Hakuna kilichobaki kukatwa. Saa yangu ilikuwa imefika, na sikuweza kujizuia tena.

Nikauliza kwa sauti, na kwa mara ya kwanza mbele ya wageni nikauliza kwa Kiswahili, ili wote wafurahi pamoja nami. “Tantine, kitambaa cha Mama Spès utakileta lini? Vyote vimekwisha. Sasa ni zamu yake.”

Kicheko kilikatika kama redio iliyozimwa. Nilidhani nimekosea lugha. Nikairudia sentensi kichwani, neno kwa neno, nikaiona ni sawa.

Tantine hakukasirika. Aliniambia kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini jua linatua. “Mutoto wangu, kile kitambaa ni cha familia.”

“Ndiyo, Tantine,” nikasema. “Ndiyo maana nauliza.”

Mama Spès, akiwa bado magotini, aliniambia niende jikoni kuangalia sufuria. Hapakuwa na sufuria yoyote jikoni. Sikuondoka. Niliona vidole vyake vimeshika pindo bila kusogea.

Tantine akasema kwamba hata hivyo kitambaa kimeisha, kule Brussels hakuna tena, ameuliza. Alisema hivyo akiangalia dirisha. Ndipo Mama akaisimamisha pasi. Sikuwahi kumsikia akimpinga dada yake, hata juu ya chumvi. Sauti yake ilikuwa ndogo.

“Dada, mtoto hakuuliza Brussels. Amekuuliza wewe.”

Eliya alipita katikati ya miguu ya watu akiwa na sambusa kila mkono. Mama Solange alikohoa, akashika kipande cha tatu alichokuwa amejifunga kiunoni, akakifungua na kuanza kukikunja. Alisema, bila kumwangalia mtu, kwamba kiuno chake kina mzigo wa kutosha na hakihitaji kufungwa mara mbili, na kama tatizo ni kitambaa tu, basi hiki hapa. Akakiweka juu ya cherehani.

Tantine alivua gauni lake, akavaa nguo zake na koti, akaondoka. Kikombe chake cha kahawa kilibaki mezani kimejaa. Mnaojua watu wetu mnajua uzito wa hilo.

Ile wiki iliyofuata niliirudia sentensi yangu kichwani kila siku. Mimi ni mtu ambaye nikipata alama zote isipokuwa moja, ninaiota ile moja, na nilikuwa hivyo hivyo nikiwa na miaka tisa. Niliamini nimeivunja harusi. Nilisikia mama zangu wakibishana kwenye roshani, mlango umefungwa, na kwa mara ya kwanza hawakubishana juu ya dirisha. Mama Spès hakutaka kukivaa kile kipande. Hakutaka kumkasirisha mtu siku ya binti yake, alisema. Jikoni kunamtosha, amezoea. Nikamsikia Mama akisema kwamba yeye hajazoea. Alisema miaka yote amekaa kwenye ile meza akitafuna chakula kisicho na ladha. Nilipochungulia, Mama Spès alikuwa amemwekea Mama koti lake mabegani, kwa sababu nje kulikuwa na baridi na Mama, mpenda madirisha wazi, alikuwa anatetemeka.

Basi nikaelewa kitu. Si chote. Nilielewa kwamba hakukuwa na gauni la mwisho, na kwamba halikuwahi kuwapo. Cha ajabu, furaha yangu haikufa. Ilibadilika ikawa kali zaidi, kama maji yanayokaribia kuchemka, kwa sababu sasa nilikuwa na kitu cha kutaka. Nilitaka Mama Spès aingie kwa mlango wa mbele.

Siku ya harusi alivaa gauni jeusi la kawaida. Mama, akiwa tayari na miavuli yake yote, alikichukua kile kipande kutoka rafuni na kusimama mlangoni. Alisema kwamba kama kinabaki nyumbani, naye anabaki. Mama Spès alikifunga haraka haraka, huku akisema tutachelewa treni. Tukapanda njia nyekundu kwenda Norsborg, Eliya mapajani mwake, na watu ndani ya behewa walitutazama na kutabasamu, maana tulikuwa kama kipande cha mvua yenye jua.

Ukumbi ulikuwa wa kukodi, nyuma ya maduka, na muziki ulikuwa umekwisha anza ndani. Nje ya mlango mkubwa familia ilikuwa inapanga mstari, na Tantine Béa ndiye aliyeupanga, akivuta watu kwa mikono ya nguo kama mtu anayepanga viti. Mimi nilisimama kando ya Mama. Mama Spès alikuwa amesimama mbali kidogo, karibu na mlango mdogo wa jikoni, Eliya kiunoni, tayari kupotea.

Tantine alitufikia. Alimtazama Mama kutoka kichwani hadi miguuni, akanyoosha kola yake iliyokuwa tayari imenyooka. Halafu akatazama kule kwenye mlango mdogo. Akatoka kwenye mstari, akaenda.

Kitambaa kilikuwa kimefungwa kwa nyuma, fundo kubwa mgongoni. Tantine akalinyooshea kidole.

“Nani amekufunga hivi? Kama mpishi.”

Mama Spès akasema amejifunga mwenyewe. Tantine akamchukua Eliya, akamweka chini, akalifungua lile fundo, akakikung'uta kitambaa mara moja hewani, na kukifunga upya, ubavuni, kwa kukaza, goti lake likiwa karibu kugusa saruji. Wanawake wa kwao Tantine hufunga ubavuni. Hakusema samahani, na tangu siku ile hadi leo hajawahi kuisema. Alimshika kiwiko akamleta mpaka kwenye mstari, mbele ya binamu na mashemeji na waume zao waliokuwa ghafla na mengi ya kuangalia ardhini. Mama Solange peke yake ndiye aliyetutazama, na alikuwa anauma mdomo.

Tantine akasimama mbele yangu. “Weye, toka hapo. Mupishe.”

Sikuelewa kwanza. Nilikuwa nimefanya mazoezi mwezi mzima kwa ajili ya mahali pale. Ilichukua muda mpaka niliposogea, na nilipoangalia juu, Mama Spès alikuwa mahali pangu kando ya Mama, Eliya tena kiunoni, na wote wawili walikuwa wanatazama mbele kama watu wanaopigwa picha ya pasipoti. Kisha mkono wa Mama ukatafuta mkono wa Mama Spès, ukaupata.

Nikauliza mimi nitasimama na nani.

“Na mimi,” akasema Tantine. “Kwani mimi nina nani?”

Mkono wake ulikuwa mkavu na wa moto, na ulinishika kwa nguvu, kama alivyomshika Mama miaka ile, nadhani, katika safari ambazo mimi sikuziona. Milango ikafunguliwa. Vigelegele vilitupiga usoni kama upepo wa treni inayoingia. Mbele yangu migongo miwili ilianza kucheza, na mabega ya Mama Spès yakasema siri yake mbele ya ukumbi mzima. Nikainua mguu wa kulia, kama nilivyofundishwa. Tantine akaanza na wa kushoto. Alikosea, na hakujua kwamba amekosea. Alikuwa anawatazama wale wawili, na machozi yalikuwa yanamwingia mdomoni.

Nikarudisha mguu wangu chini, nikaanza na wa kushoto.